Si Nti Wala Si Mai: Maneno ya Jiografia Yakisomwa Kutoka Lamu

Jioni moja mwana wa kaka yangu alikuja na daftari lake la jiografia, akakaa nami barazani, akanisomea kwa sauti ya darasani: "Kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote." Akafunga daftari. Kisha akaniuliza, "Ami, na maji yakipwa?"

Mtoto aliyezaliwa Nakuru au Dodoma akikaririshwa sentensi ile ataimeza ilivyo, na mtihani hatakosea. Huyu wetu amezaliwa Lamu. Anajua kuna mahali asubuhi panapita mashua, na alasiri pale pale panapita mtu na ndoo akitafuta chambo. Kwake yeye nchi kavu ni kitu kinachopungua na kuongezeka mara mbili kwa siku.

Nilimjibu kwa kifupi siku ile, lakini swali lilinikaa. Nikaanza kuyapitia maneno ya daftari lake moja moja: kisiwa, rasi, ghuba, hori, bara, pwani, mlima, ramani. Hakuna hata moja lililo gumu. Kinachotatiza ni kwamba tunakaririshwa maana yake bila kuambiwa yule aliyelitumia neno mwanzo alikuwa amesimama wapi, ufuoni au chomboni, na saa ngapi ya maji.

Nianze na kisiwa, maana ndiko nilikokwama mwenyewe.

Kati ya Manda, jirani yetu wa Lamu, na bara pana njia nyembamba ya maji iitwayo Mkanda, na jina lenyewe limeshaeleza. Boti zinazotoka Amu, ndivyo wenyeji tunavyoiita Lamu, kwenda Pate, Siyu na Faza hupita humo ili zisitoke nje kwenye mawimbi. Kuna safari nilipanda boti ya kijana aliyeiamini simu yake kuliko macho yake. Kwenye kioo cha simu Mkanda ulikuwa buluu tupu, mwanzo hadi mwisho, buluu ile ile ya bahari kuu. Tulipofika katikati tukasikia sauti kama mtu anayekokota gunia sakafuni, boti ikasimama. Maji yalikuwa yanapwa. Kijana akaruka, tope likamfika magotini. Akachukua pondo akasukuma. Pondo lilizama, na alipoliachia lilibaki limesimama peke yake kama mlingoti. Kulia mikoko, kushoto mikoko, na mizizi yake ikizidi kutoka nje kila tulipoitazama. Mzee mmoja aliyekaa juu ya magunia ya mchele hakunena neno mpaka sote tulipochoka kushauri, ndipo akasema kwa Kiamu chake: "Hapa si nti wala si mai," yaani si nchi wala si maji.

Tulingoja karibu saa nne. Hesabu yake ni rahisi: tulikwama zikiwa zimebaki kama saa mbili maji yafike mwisho wa kupwa, kwa hiyo ilibidi yamalize kushuka na yapande tena mpaka kimo kile kile.

Sasa, je, Manda ni kisiwa saa zile? Jibu lipo, na liliandikwa na watu waliojua kwamba swali la mtoto wetu lingeulizwa mahakamani siku moja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unasema kisiwa ni eneo la ardhi lililojiunda kiasili, lililozungukwa na maji, na lililo juu ya maji wakati maji yamejaa. Tazama vipande viwili ambavyo daftari la shule limeviacha. Kwanza, kiwe kimejiunda. Ukimwaga kifusi baharini hata kama ni cha ekari mia, hujaumba kisiwa mbele ya sheria. Pili, saa ya kupima ni maji yakijaa. Yakipwa hayahesabiwi. Manda basi ni kisiwa saa zote ishirini na nne, hata saa ile tuliyokuwa tumekaa juu ya tope tukila mikate ya mwenzetu.

Kinachoonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa kina majina yake. Kama ni mchanga, wavuvi huita fungu. Kama ni jiwe, mwamba. Neno funguvisiwa, kwa maana ya visiwa vilivyokaa pamoja kama vya kwetu, lina fungu pia, lakini hilo ni fungu la kundi, kama fungu la samaki sokoni. Mwanafunzi asiyechanganya hayo mawili ameshawapita wengi. Na tofauti ya kisiwa na fungu si ya maneno tu. Kisiwa kina bahari yake ya kitaifa inayofika maili 12 za baharini, na kila maili ya baharini ni mita 1,852. Fungu lililo mbali na pwani halina hata shubiri.

Nimetaja kupwa mara nyingi, basi tusimame hapo kidogo, kwa sababu neno pwani limetoka humo humo. Kupwa, mahali pa kupwa, pwani. Maana yake ya asili ni ile sehemu inayoachwa wazi na maji, pale unapotembea ukaacha nyayo zako na baada ya saa sita usizione. Leo tumelitanua mpaka likawa mkoa mzima. Mtu anasema ametoka Pwani na kwao ni Taveta, chini ya Kilimanjaro, ambako hakuna kinachopwa isipokuwa sufuria. Sina ugomvi na kutanuka huko. Ila mtoto akijua asili ataelewa kwa nini pwani si sawa na ufuo, ule ukingo wa mchanga wenyewe.

Kuna neno la tatu ninalolipenda zaidi, nalo ni mwambao. Hilo limetoka katika kuambaa, kwenda sambamba na kitu bila kukigusa. Nahodha anayetoka Malindi kuja Lamu bila kwenda mbali na nchi anaambaa, na ile nchi inayompita mkono wa kushoto ndiyo mwambao wake. Pwani basi ni neno la mwenye miguu, mwambao ni neno la mwenye tanga. Wote wawili wanatazama mstari mmoja.

Maji yenyewe huendeshwa na mwezi zaidi ya jua. Kutoka kujaa hadi kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo sababu kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana, na ndiyo sababu ratiba ya boti ya Pate haiwezi kubandikwa ukutani kama ya basi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, maji hupanda sana na kupwa sana: hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wao hupingana, maji yakawa hayapandi wala hayashuki sana: hayo ni maji mafu. Kwenye pwani ya Kenya tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Ukisimama kwenye gati ya Amu ukahesabu ngazi, utaziona mwenyewe zile zenye ukoga na zile zisizo nao.

Waliosahau hilo walilipia. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela, kwenye kisiwa hiki hiki chetu, kuja kuuteka mji wa Lamu. Husimuliwa kwamba waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, walivikuta vimelala mchangani. Maji yalikuwa yamepwa. Mpaka watoto wetu walikuwa wakiokota mifupa kule vilimani, wazee husema.

Neno bara ndilo linalowavuruga wageni. Kwa mtu wa Amu, bara ni Mokowe, dakika chache kwa boti. Ukisema "navuka bara" hakuna atakayekuuliza pasipoti. Mtu yule yule akisema "mtu wa bara" anakusudia aliyetoka Nairobi au Nyeri, na hapo Mokowe imegeuka kuwa pwani. Kisha daftari linasema Afrika ni bara, Asia ni bara, na hapo Lamu, Mokowe na Nairobi zote zimeingia ndani ya bara moja. Kuna bara tatu, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na zote ni sahihi. Bara siku zote ni ile nchi kubwa iliyo nyuma ya mahali nilipo. Nikiwa kisiwani ni Mokowe. Nikiwa ufuoni ni ndani ya nchi. Nikiwa katikati ya bahari kuu ni Afrika nzima.

Tuje kwenye maji yaliyoingia nchini. Hapa vitabu hutaja ghuba, hori, mlango na mfereji kama ndugu wanne wanaofanana, na mwanafunzi hubahatisha. Mimi hutazama mdomo. Ghuba ina mdomo mpana: bahari imejikunja kuingia nchini, na ukisimama ndani yake bado unaiona bahari imefunguka mbele yako. Ghuba ya Ungwana, kati ya mlango wa mto Tana na upande wa Malindi, ni ya namna hiyo. Hori ina mdomo mwembamba na mwili mrefu, inaingia ndani ikipindapinda, mara nyingi kando zake ni mikoko. Ya Mida, kusini ya Malindi, ni hori. Ile inayokupeleka kwenye magofu ya Takwa kule Manda ni hori, na humo usiingie maji yakiwa yanapwa kama una miadi jioni. (Ndiyo, hori ni pia chombo cha kulishia ng'ombe. Ukikitazama chombo kile, kirefu na chembamba na wazi juu, huoni ajabu.)

Mlango wa bahari ni kitu kingine: hauishii ndani ya nchi, unatokea upande wa pili. Ni maji yaliyobanwa kati ya nchi mbili na kuunganisha bahari mbili. Majahazi yaliyokuwa yakienda Bahari ya Sham yalipita Bab el-Mandeb, na hilo neno bab si jingine ila mlango. Mfereji ni mlango uliochimbwa na watu, kama wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869. Na Mkanda wetu? Maumbile yameutengeneza, lakini umewahi kuchimbwa tope ili boti zipite. Mimi naona ni mlango uliosaidiwa kuwa mfereji. Mtahini asingekubali.

Chini ya maneno haya yote liko moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo ndilo lenye fedha: kilindi, mahali penye kina kirefu. Bandari mpya ya Lamu haikuwekwa mbele ya mji, penye watu na historia. Imewekwa ng'ambo, upande wa bara kwenye ghuba ya Manda, kwa sababu pale pana kilindi cha kupitisha meli kubwa. Gati yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ukitazama ramani ya kawaida utadhani wamekosea mahali, kwa kuwa ramani ya kawaida haionyeshi chini.

Rasi ni kichwa. Ndivyo lilivyo katika Kiarabu, na ndivyo nchi inavyoonekana kwa mtu aliye chomboni: inachomoza kutoka kwenye mwambao kama mtu aliyetoa kichwa dirishani. Ras Kitau, ile ncha ya Manda inayotazamana na Shela, ni rasi. Mji wa Faza kisiwani Pate una jina jingine la zamani, Rasini. Tatizo ni kwamba Kiswahili kimetumia neno hilo hilo kwa nchi kubwa iliyozungukwa na maji pande tatu, tukapata Rasi ya Arabuni, ambayo ndani yake mna nchi nzima kadhaa. Wanafunzi hulalamika kwamba rasi haina kipimo. Kweli haina. Kichwa cha dagaa ni kichwa, na cha nyangumi ni kichwa. Panapobanwa nchi kati ya maji na maji ikaunganisha nchi mbili, wataalamu wa lugha wameita shingo ya nchi, ukaona mwili unaanza kukamilika.

Mito hatuna kisiwani, hivyo kwa somo hili lazima niteremke Malindi. Kaskazini kidogo ya mji unafika Mto Sabaki, na huo ni mmoja wa mito inayowaonea wanafunzi: ukiwa juu unaitwa Athi, ukifika nyika za Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia bahari ni Sabaki. Ni mto mmoja. Kila jamii iliuita kipande ilichokiona, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuufuata mpaka mwisho wake ndipo aupe jina.

Sabaki unaingia baharini kwa mlango mmoja wa wazi, maji matamu na ya chumvi yakichanganyika; huo ndio mlango wa mto. Tana, mto mrefu kuliko yote Kenya, ukikaribia bahari hupoteza nguvu kwenye nchi tambarare, hutua mzigo wake wa udongo, hugawanyika vijito na kuacha madimbwi, vinamasi na mashamba ya mpunga kabla ya kutokea Kipini. Hiyo ni delta, neno lililokopwa kutoka herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu. Tofauti ya mlango na delta, kwa ufupi, ni kama mto umemaliza mzigo wake baharini au umeutua mlangoni.

Mzigo wa Sabaki unaonekana kwa macho. Msimu wa kaskazi upepo na mkondo husukuma tope jekundu kusini, na maji ya mbele ya mji wa Malindi yakawa rangi ya chai ya maziwa; kusi likivuma, tope huelekea kaskazini na maji hutakata. Udongo huo umetanua ufuo wa Malindi kwa miaka mingi, hata majengo yaliyokuwa karibu na maji leo yanatazama bahari kwa mbali. Ndio huo huo unaoeleza kwa nini mwamba wa matumbawe, ambao kusini mwa Malindi umeambatana na pwani mwendo mrefu, hukatika penye mito mikubwa. Tumbawe ni mnyama mdogo anayejenga kwa chokaa. Anataka maji ya chumvi na mwanga. Maji matamu yaliyojaa tope humfunga macho na pumzi. Na sisi tulivyo, tukaja tukamchimba tukamjengea nyumba. Kuta za Lamu ni yeye.

Kwenye milima nitapita mbio, sababu sina pa kusimama. Kiswahili kinafanya kazi nusu kwa kiambishi tu: mlima na kilima, mto na kijito, mji na kijiji. Hata kisiwa, kamusi zinakupa siwa kwa maana ya kisiwa kikubwa, ingawa hapa Lamu ukitamka siwa watu wanaona ile baragumu ya enzi iliyopo makumbusho. Swali la kilima kinakuwa mlima kikifika mita ngapi halina jibu wanalokubaliana watu wote duniani. Kwa Kiswahili ni jicho la msemaji linaloamua, na wakati mwingine linaamua vichekesho: mlima mrefu kuliko yote Afrika, wenye mita 5,895, jina lake linaanza kwa kilima.

Kilima chetu ni mchanga. Nyuma ya ufuo wa Shela viko vilima vyeupe ambavyo mgeni huvipanda kupiga picha za machweo. Vimejengwa na upepo, punje baada ya punje, na mimea inayotambaa ndiyo inayovishika visitembee. Lakini kazi yake kubwa iko chini. Mvua ikinyesha haitiririki, inazama. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya mchanga, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi ulioachwa upoe. Visima vinavyounywesha mji wa Lamu vinachota kwenye tabaka hilo. Ukivuta kwa pupa, tabaka la matamu hupungua na la chumvi hupanda, na wa kwanza kujua ni mwenye kupika chai. Nimewahi kuonja maji ya kisima kimoja karibu na bahari Machi, kabla ya mvua: ulimi unapata kwanza utamu, halafu mwishoni, pembeni, chumvi. Kwenye ramani ya shule mahali pale pamepakwa rangi moja ya manjano. Umbo la nchi na hifadhi ya maji ni kitu kimoja pale, na daftari limeviweka sura mbili tofauti.

Ndiyo tufike kwenye ramani. Neno lenyewe ni la mabaharia: mabaharia wa Ghuba na Uarabuni walikuwa na vitabu vya njia walivyoviita rahmani, kutoka Kiajemi, maana yake kionyesha njia. Kwa hiyo kwetu ramani ilianza kuwa maelezo kabla ya kuwa picha: toka rasi fulani, shika nyota fulani, ukiona mlima fulani geuza. Ukizungumza na nahodha wa makamo leo, bado anayo hiyo kichwani.

Pande nne za dunia nazo zimetoka mahali tunapopajua. Mashariki ni linakochomoza jua, magharibi ni linakozama, na mtoto anayeitwa akasali Magharibi ana somo hilo kila siku. Kaskazini ni upande wa kaskazi na kusini ni upande wa kusi, pepo mbili zilizoendesha maisha yote ya pwani hii: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa amepata rubani pale, na akafika upande wa Calicut tarehe 20 Mei. Rubani yule alijua upepo umegeuka. Shika jambo moja hapa linalowapotosha wengi: upepo huitwa kwa utokako, mkondo wa maji hutajwa kwa uendako. Upepo wa kusini unakwenda kaskazini. Mkondo wa kusini unakwenda kusini.

Mtoto wa Lamu asiye na dira anaweza kuipata kaskazini msikitini. Makka iko karibu juu yetu moja kwa moja kwenye ramani, tofauti haifiki digrii 3, hivyo kibla cha hapa ni kaskazini kwa matumizi yote ya kawaida. Wazee wa hapa wakisema "upande wa kibulani" wanakusudia kaskazini. Mwanafunzi wa Cairo akitumia kanuni hiyo atapotea.

Latitudo hupima umbali kutoka ikweta, na digrii moja ni kilomita 111 hivi. Lamu iko digrii 2 na dakika 16 kusini, basi ni kilomita 250 hivi kutoka ikweta. Malindi iko digrii 3 na dakika 13. Longitudo hupima kwenda mashariki au magharibi ya Greenwich. Ukidhani hayo ni mambo ya mtihani tu, kumbuka kesi ya bahari kati ya Kenya na Somalia. Kenya ilitaka mpaka baharini ufuate latitudo, moja kwa moja kwenda mashariki. Somalia ilitaka mstari wa katikati unaotoka pwani kwa mshazari. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa uamuzi tarehe 12 Oktoba 2021, ikachora mstari wake kati ya hayo mawili, ukiwa karibu zaidi na ule wa Somalia, na Kenya ikaukataa uamuzi. Wavuvi wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, hawakuhitaji kufafanuliwa latitudo ni nini baada ya hapo.

Skeli ndiyo huwachanganya hata watu wazima. Ramani ya 1:50,000 maana yake sentimita moja ni mita 500 ardhini. Ramani ya 1:1,000,000 huonyesha nchi kubwa zaidi, lakini skeli yake ni ndogo zaidi. Watu hukataa. Chukua mkate wa mofa: kipande kimoja katika hamsini, na kipande kimoja katika elfu. Kipi kikubwa? Basi. Na ukitaka kujua kwa nini tulikwama Mkanda, pima kalamu: mstari wenye unene wa nusu milimita kwenye ramani ya 1:50,000 umefunika mita 25 za ardhi. Ukingo wa maji unaweza kusogea mita hizo zote na ramani isijue.

Kontua nilimfundisha mwana wa kaka yangu kwa miguu. Tulikwenda Shela siku chache baada ya bamvua. Kila maji yanapojaa huacha mstari wa mwani mchangani, na kwa kuwa kila kujaa kunakuwa kudogo kuliko kwa jana, mistari hubaki imepangana, wa juu wa zamani, wa chini wa leo asubuhi. Nikamwambia atembee juu ya mstari mmoja bila kuutoka. Akaenda, akapinda nao ulipopinda. "Umepanda?" Hapana. "Umeshuka?" Hapana. Hiyo ni kontua: mstari wa sehemu zote zenye kimo kimoja. Pale ufuo ulipokuwa mwinuko mkali, mistari ilikaribiana mpaka unaweza kukanyaga miwili kwa unyayo mmoja. Pale ulipokuwa tambarare, ilitengana hatua tatu, nne. Aliyaona hayo mwenyewe kabla sijamwambia.

Njiani kurudi akauliza jambo ambalo sikulitarajia: kimo kinahesabiwa kuanzia wapi, ikiwa bahari yenyewe haitulii? Ndio uchungu wa somo lote. Ramani ya nchi kavu huanza kuhesabu kwenye usawa wa wastani wa bahari, katikati ya kujaa na kupwa. Ramani ya mabaharia hupima kina kuanzia karibu na maji yanapopwa kabisa, ili nahodha akisoma mita 2 ajue kwamba hata siku mbaya hatapata pungufu ya hizo kwa kiasi cha kumtisha. Sufuri mbili, kwa hiyo, kwenye pwani moja. Na ile buluu ya simu haikuwa na sufuri yoyote, ilikuwa rangi.

Usiku ule alifuta sentensi yake kwa raba akaiandika upya: "Kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote, na isiyofunikwa hata maji yakijaa." Aliporudi kutoka shule alinionyesha daftari. Mwalimu alikuwa ametia tiki, lakini maneno yale matatu ya mwisho ameyazungushia duara jekundu na kando yake ameandika, "Nani kakwambia?" Mtoto akanipa kalamu nimjibie.